Dunvegan: Ngome ya Miaka 800 na Watu Walioibeba

Hadi mwaka 1748, mtu aliyetaka kuingia ngome ya Dunvegan alikuwa na njia moja tu, nayo ni bahari. Alifika kwa mashua hadi chini ya mwamba, akapanda ngazi za mawe katika ujia mwembamba, akapita chini ya lango la chuma linaloshushwa kutoka juu, ndipo akajikuta mbele ya wenyeji. Ukuta uliuzunguka mwamba, na upande wa nchi kavu hapakuwa na mlango hata mmoja.

Leo mgeni anavuka daraja kutokea upande wa bustani na kuingia kwa mlango mkubwa wa mbele. Wengi hupita bila kujua kuwa mlango huo ni mchanga sana kwa umri wa ngome yenyewe. Nami nasema kuwa anayetaka kuielewa Dunvegan aanze na milango hii miwili. Ule wa baharini ni wa enzi ambayo utajiri wa mkuu wa ukoo ulihesabiwa kwa watu waliokuwa tayari kufa kwa ajili yake. Huu wa nchi kavu ulifunguliwa wakati utajiri huo ulipoanza kuhesabiwa kwa kodi ya ardhi. Baina ya milango hiyo ndipo historia ya Nyanda za Juu za Uskoti ilipogeuka.

Mwamba na wenyewe

Dunvegan iko kaskazini magharibi mwa Kisiwa cha Skye, kando ya ghuba ndefu iliyoingia ndani ya nchi kavu. Zamani hukuweza kufika Skye bila kivuko. Oktoba 1995 lilifunguliwa daraja la kuunganisha kisiwa na bara karibu na mji wa Kyle of Lochalsh. Ushuru wake uliwakera wenyeji hata baadhi yao wakakataa kuulipa na kufikishwa mahakamani, mpaka ulipofutwa Desemba 2004. Kutoka Portree, mji mkuu wa kisiwa, ni kama kilomita 35 za barabara inayokatiza malisho ya kondoo na ardhi yenye majimaji ambayo watu waliichimba udongo wake mweusi na kuukausha ili wapate kuni.

Ukoo wenye ngome hii ni MacLeod. Mapokeo yao yanasema mwasisi alikuwa Leod, mwana wa Olaf, mfalme wa Kisiwa cha Man mwenye asili ya Kinorwei, aliyeishi karne ya 13. Si ajabu, kwa kuwa visiwa vyote vya magharibi mwa Uskoti vilikuwa chini ya taji la Norwei mpaka mwaka 1266. Tangu enzi za Leod wakuu wa ukoo wamefuatana kwenye mwamba uleule, na wa sasa, Hugh MacLeod, ni wa 30. Dunvegan hutajwa kuwa ngome iliyokaliwa na familia moja kwa muda mrefu kuliko nyingine yoyote Uskoti.

Ukiitazama kwa mbali utadhani ni jengo moja la rangi ya kijivu, lenye vinara na kuta zilizochongwa meno juu. Sura hiyo ilitengenezwa miaka ya 1840 ili kuyafunika majengo ya vizazi mbalimbali. Ukuta wa kwanza ni wa karne ya 13, na ngome kuu yenyewe ikajengwa karne iliyofuata. Mnara wa Majini ulijengwa karibu na mwaka 1500 na mkuu wa nane, Alasdair Crotach. Nyumba ya Rory Mor ni ya karne ya 17. Ndani hakuna sakafu iliyokaa sawa na mwenziwe: mara unapanda, mara unashuka, na ukuta mnene unaokutana nao kati ya vyumba viwili vya kisasa ndio uliokuwa mpaka wa nje wa jengo la zamani.

Hariri iliyochakaa

Katika chumba cha maongezi kuna fremu yenye kioo, na ndani yake kitambaa. Wageni huja toka pembe zote za dunia kukitazama. Hiyo ndiyo Bendera ya Majini. Usogeapo karibu unaona hariri iliyofifia na kuwa ya rangi ya kahawia, imetoboka hapa na pale, kingo zake zimeliwa. Kinachonigusa zaidi ni mishono. Mtu mwenye subira na mkono mwepesi alizitia viraka sehemu zilizochanika, kwa uzi mwembamba, mshono kwa mshono, na hakuacha jina lake.

Wataalamu waliochunguza kitambaa hiki waliona kuwa hariri yake ilitoka mashariki, huenda Syria au Rhodes, na kwamba ni ya karne nyingi kabla ya ngome kujengwa. Ukoo una masimulizi yake. Mkuu mmoja, wanasema, alimwoa mwanamke wa kijini, na ulipotimu muda wa mke kurudi kwa watu wake waliagana kwenye daraja la mawe ambalo hadi leo liko njiani, kilomita chache kabla ya kufika Dunvegan. Kabla ya kuondoka alimwachia mumewe bendera: ukoo ukibanwa na hatari, aitikise, naye atasaidiwa, lakini kwa mara tatu tu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu wa makumbusho kutoka London alimweleza mkuu wa 27, Sir Reginald MacLeod, kwamba pengine bendera ililetwa na mfalme wa Norwei aliyewahi kuhudumu Konstantinopoli. Sir Reginald alimjibu kuwa nadharia hiyo ni ya mtaalamu, ama yeye anajua kwamba ilitoka kwa majini. Mtaalamu, kwa adabu, alikubali kuwa mwenye nyumba anajua zaidi.

Mimi siyapuuzi masimulizi haya. Watu waliokuwa na silaha chache na maadui wengi walihitaji kitu cha kuwaambia kwamba hawako peke yao. Inasimuliwa kuwa bendera ilitikiswa Glendale mwaka 1490 na tena Trumpan karibu na 1580, na mara zote mbili MacLeod wakashinda. Mara ya tatu bado ipo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vijana wa ukoo waliokuwa marubani walibeba picha yake mfukoni.

Pembe, kikombe na zumari

Sir Rory Mor, mkuu wa 15 aliyefariki mwaka 1626, anakumbukwa kwa ukarimu wake. Ngome inahifadhi vitu viwili vinavyotajwa pamoja naye. Cha kwanza ni kikombe cha mti kilichopambwa kwa fedha, kazi ya mafundi wa Ireland, chenye mwaka 1493 juu yake. Wakuu wa O'Neill wa Ulster walimzawadia Rory Mor kwa msaada aliowapa katika vita vyao dhidi ya Waingereza.

Cha pili ni pembe ya ng'ombe yenye mdomo wa fedha. Mrithi wa kiume wa ukoo anapofikia utu uzima hutakiwa kuijaza mvinyo, chupa nzima na nusu, kisha aimalize kwa pumzi moja, asiiweke chini wala asianguke. John MacLeod, aliyekuja kuwa mkuu wa 29, alifanya hivyo kwa dakika 1 na sekunde 57. Nje bustanini kuna maporomoko madogo ya maji yanayoitwa Yaya wa Rory Mor, kwa kuwa inasemekana hakupata usingizi bila kusikia mlio wake.

Lakini hazina kubwa kuliko zote za ngome hii haiwezi kuwekwa kwenye kabati la kioo. Ng'ambo ya ghuba, mahali paitwapo Boreraig, waliishi akina MacCrimmon, wapiga zumari za mfuko wa ngozi wa mkuu wa ukoo, kazi waliyorithishana baba kwa mwana kwa vizazi. Walikuwa na chuo chao. Wanafunzi walikuja kutoka koo nyingine na kukaa miaka, wakijifunza bila karatasi wala nota: mwalimu aliimba silabi, kila silabi ikiwa na sauti yake na pambo lake, mwanafunzi akaishika kwa sikio na kuitoa kwa vidole. Kwa njia hiyo tungo ndefu za maombolezo na za kukusanya jeshi zilipita toka kifua hadi kifua, na nyingi zinapigwa mpaka leo. Chuo kilikufa karne ya 18, pale mkuu alipoacha kuwapa wapigaji ardhi kwa ajili ya kazi yao na kuanza kuwahesabu kama wapangaji wengine. Mwaka 1933 ulijengwa mnara wa mawe Boreraig kuwakumbuka.

Shimo karibu na sebule

Tusiipambe enzi ya mlango wa baharini kupita kiasi. Hatua chache kutoka chumba cha maongezi kuna tundu sakafuni, na chini yake shimo lililochimbwa ndani ya mwamba, refu kuliko kimo cha watu wawili. Hilo ndilo gereza. Mfungwa alishushwa humo na wengi hawakupandishwa tena. Wenye nyumba waliishi, walikula na kupokea wageni hatua chache kutoka hapo.

Uhasama wa MacLeod na ukoo wa MacDonald uliwamaliza watu wasio na hatia wa pande zote mbili. Inasimuliwa kuwa mwaka 1577 MacLeod waliwafuata MacDonald wa kisiwa cha Eigg waliojificha pangoni, wakawasha moto mlangoni, na karibu kisiwa kizima, watu wapatao 395, wakafa kwa moshi. Mwaka uliofuata MacDonald walitua Trumpan, kaskazini mwa Dunvegan, waumini wakiwa kanisani, wakalichoma pamoja nao. Magofu ya kanisa hilo yapo hadi leo. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na katika visiwa hivi nyasi zilikuwa wanawake, wazee na watoto.

Mkuu anapogeuka mwenye ardhi

Aprili 16, 1746, jeshi la mwana mfalme Charles Edward Stuart, aliyeongoza uasi wa 1745 dhidi ya serikali, lilivunjwa Culloden. Mkuu wa MacLeod wa wakati huo, Norman, mkuu wa 22, alikuwa upande wa serikali. Ndio maana ngome ilisalimika wakati nyumba za wakuu walioasi zilipochomwa. Hata hivyo Dunvegan inahifadhi kumbukumbu za mshindwa, likiwemo shungi la nywele za mwana mfalme na vitu vya Flora MacDonald, msichana wa visiwani aliyemtorosha hadi Skye akiwa amevalishwa nguo za mjakazi.

Baada ya Culloden serikali iliwanyang'anya wakuu wa koo mamlaka ya kuhukumu watu wao na ya kuwaita vitani. Vazi la Nyanda za Juu lilipigwa marufuku kwa wanaume hadi mwaka 1782. Mlango wa nchi kavu wa Dunvegan ulitobolewa katika miaka hiyohiyo. Hofu ya kushambuliwa ilikuwa imekwisha, na pamoja nayo sababu ya mkuu kuwahitaji watu wengi kumzunguka.

Dalili za mabadiliko hayo zilianza kuonekana mapema. Mwaka 1739 watu karibu 100 wa Skye na Harris, wanawake na watoto wakiwemo, walikamatwa na kupakiwa melini ili wakauzwe katika makoloni ya Amerika. Wenyeji waliita tukio hilo kwa lugha yao ya Kigaeli Meli ya Watu. Mpangaji wake alitoka ndani ya ukoo wa MacLeod, na lawama ziliwafikia Norman wa Dunvegan na Sir Alexander MacDonald wa Sleat. Meli ilipotia nanga Donaghadee, kaskazini mwa Ireland, mateka walitoroka na siri ikafichuka. Wapo wanahistoria wanaoona kuwa kuogopa kushtakiwa kwa jambo hilo kulichangia kuwazuia wakuu hao wawili kujiunga na uasi wa 1745. Norman alifariki mwaka 1772 akimwachia mjukuu wake madeni makubwa.

Ni mjukuu huyo, kijana wa miaka 19, aliyewapokea Samuel Johnson na James Boswell mwezi Septemba 1773. Mvua na upepo viliwazuia kuondoka, na Johnson, mwandishi wa kamusi mashuhuri ya Kiingereza, alifurahia ukarimu wa nyumba hiyo hata nusura asahau kuwa ana safari. Mama wa mkuu aliwaambia wageni kuwa kuishi juu ya mwamba ni taabu tupu na angependa familia ijenge nyumba mahali pazuri zaidi. Boswell alimpinga kwa jazba: mwamba huo, alishikilia, usiachwe kamwe. Familia haikuuacha.

Watu wa kawaida hawakuulizwa. Kodi ilipanda, kondoo wakaletwa, na kwa miaka zaidi ya 100 familia za Nyanda za Juu na visiwani zikahama au kuhamishwa kwenda Kanada, Marekani, Australia na kwenye viwanda vya Glasgow na jirani zake. Msomaji wa Ujiji au Bagamoyo ana sababu ya kulijua wimbi hilo. David Livingstone, ambaye mwili wake ulibebwa na Susi, Chuma na wenzao hadi Bagamoyo, alizaliwa mwaka 1813 katika mji wa viwanda wa Blantyre kwa sababu babu yake alikuwa ameacha kishamba chake katika kisiwa cha Ulva, kusini mwa Skye.

Njaa, na mkuu aliyebaki bila kitu

Mwaka 1846 ugonjwa uliozesha viazi visiwani, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini. Mkuu wa 25, naye akiitwa Norman, alikuwa na njia rahisi ambayo wenye ardhi wengi waliichukua, yaani kuwafukuza wapangaji. Badala yake alinunua chakula na kuwapa watu kazi, siku hadi siku, mamia kwa mamia, mpaka mali yake ikaisha. Alifilisika. Ngome ikapangishwa kwa wengine, naye akaenda London kufanya kazi ya ukarani ofisini.

Nimesoma habari za wakuu wengi wa ukoo huu, wa vita na wa karamu. Kwangu mkubwa wao ni huyu karani. Hakutikisa bendera yoyote. Alielewa kwamba cheo alichokirithi kilikuwa deni kwa watu waliokizaa, akalilipa alipodaiwa.

Lakini wema wa mtu mmoja si sheria, na haukuwatosha wakulima. Glendale, bonde lililo kilomita chache magharibi mwa ngome, liliasi mwaka 1882. Wakulima wadogo walikataa kuondoa mifugo yao kwenye malisho waliyozuiwa. Serikali ilipeleka meli ya kivita, na John MacPherson pamoja na wenzake wakafungwa miezi miwili Edinburgh. Nchi nzima ikawasikia. Mwaka 1883 tume ya Lord Napier ilianza kusikiliza ushahidi papo hapo Skye, na mwaka 1886 Bunge likapitisha sheria iliyomhakikishia mkulima mdogo kuwa hatafukuzwa maadamu analipa kodi ya haki, na kwamba mwanawe ataweza kurithi kishamba. Wana wa Glendale walifanya kwa mdomo na miguu kile ambacho bendera ya hariri haikuwahi kufanya: waliwalinda watu dhidi ya wenye ardhi.

Nani atalipia paa?

Dunvegan ilifunguliwa kwa umma mwaka 1933. Miaka miwili baadaye Flora, binti wa Sir Reginald, akawa mkuu wa 28. Mwanamke huyu aliushika ukoo hadi alipofariki mwaka 1976 akikaribia miaka 100. Alisafiri Marekani, Kanada, Australia na New Zealand akiwatafuta wajukuu wa waliofukuzwa, na mwaka 1956 akawaalika nyumbani kwa mkutano mkubwa wa ukoo. Mikutano hiyo bado hufanyika kila miaka minne. Wanaokuja hutafuta pia vijiji vilivyobaki kuta za mawe na nyasi, ambako mababu zao walizaliwa.

Jengo la miaka 800 kwenye mvua ya Atlantiki halikai bila gharama. Mwaka 2000 mjukuu wa Flora, John MacLeod, alitangaza kuuza milima ya Black Cuillin kwa pauni milioni 10 ili apate fedha za kukarabati paa. Uskoti ilipiga kelele. Watu waliuliza kama kuna binadamu anayeweza kuuza mlima, na hati yake ilitoka kwa nani. Mauzo hayakufanyika. John alifariki mwaka 2007, na kazi ya ukarabati ikaendelea chini ya mwanawe Hugh, ikitegemea zaidi kiingilio cha wageni.

Naliona swali lile la mlima kuwa halali kabisa, na jibu lake bado halijatolewa. Ardhi iliyotetewa na ukoo mzima iligeuzwa kuwa mali ya jina moja kwenye hati, na Uskoti ingali inajadiliana bungeni na vijijini namna ya kurekebisha hilo.

Kwa atakayejaliwa kufika, ngome hupokea wageni kuanzia Aprili hadi katikati ya Oktoba, na gatini kuna mashua zinazopeleka watu kuwaona sili wakiota jua kwenye miamba. Tazama bendera, pembe na kikombe, vinastahili. Kisha usigeuze gari kurudi Portree siku hiyo hiyo. Fika Boreraig, fika Trumpan, na umalizie Glendale. Aliyeiona Dunvegan bila kuiona Glendale ameona nyumba ya mkuu tu, hajauona ukoo.